Jumatatu ya Barua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi, wazee wa kamati na watumishi wa mashirika katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Kakuma.)



Kamati iliponiomba niseme machache leo, ilinipa kichwa hiki: "Mgeni na wakati wake." Nilikubali upesi, kisha nikafika nyumbani nikaanza kujuta. Najua wengi mlitazamia nieleze safari yangu kutoka Kivu ya Kusini. Lakini safari ya namna hiyo kila mmoja wetu anayo, na nyingi ni nzito kuliko yangu. Leo nitasema habari za wageni wa aina nyingine: vijana wamisionari niliowauzia chapati katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki ya Uganda, mwaka 2013 na 2014. Mnivumilie. Mwishoni mtaona kwa nini habari zao zinatuhusu sisi.

Niseme mapema ili pasiwe na manung'uniko. Vijana hao walikuwa wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kama kanisa la Wamormoni. Mimi si wa kanisa hilo. Nilibatizwa katika kanisa la wazazi wangu na humo nimebaki. Sikusimama hapa kumwita mtu ahame dini yake. Nimesimama kulipa deni.

Nilitoka nyumbani mwaka 2012. Nilimwacha mama yangu kijijini, upande wa Uvira, kwa sababu miguu yake haikuweza mwendo ule, na yeye mwenyewe alinisukuma niende. Nilifika Kampala, nikashindwa kodi ya chumba, nikaambiwa maisha ya Jinja ni nafuu. Ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Mji huo uko pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Kuna bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na katika barabara kuu kuna maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi. Wenye maduka yale walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 tu za kuondoka. Kila nilipopita mbele ya nyumba zile niliona kwamba mji wote ule, pamoja na uzuri wake, uliwahi kuona watu wakifunga mizigo.

Kiswahili changu hakikunisaidia sana Jinja. Kwa watu wazima wengi wa kule, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Nikifungua mdomo, mteja hushika mfuko wake. Basi nikaona heri mikono yangu iseme badala ya mdomo. Nikapata jiko la makaa, meza na kikaango, nikaanza kuuza chapati, chai ya maziwa, na ile chapati iliyokunjwa na mayai ambayo Uganda wanaiita rolex.

Ndipo walipokuja wale vijana, mwezi wa nane mwaka 2013. Walikuwa wawili: mmoja Mzungu kutoka Marekani, mwenzake Mwafrika kutoka Kenya. Mashati meupe, tai, viatu vilivyojaa vumbi jekundu, na kifuani kibao cheusi chenye jina. Yule Mkenya akanisalimu kwa Kiswahili, nami nikafurahi kama mtu aliyeona ndugu. Nikawamiminia chai vikombe viwili bila kuuliza. Wakashukuru, hawakunywa. Nikawaza: hawa nao wanashika mfuko. Kumbe imani yao inakataza chai na kahawa. Mkenya alinieleza kwa upole mwingi, maana alijua vizuri maana ya mgeni kukataa chai ya mwenyeji. Tangu siku ile niliwawekea maziwa.

Jambo lililochekesha mtaa mzima ni kwamba cheo chao, kikitafsiriwa, ni "Mzee". Yule Mmarekani alikuwa na miaka 19. Akina mama wa sokoni walimwita Mzee, wakacheka hadi wakashika mbavu, naye akacheka pamoja nao. Mwezi Oktoba 2012 kanisa lao lilikuwa limeshusha umri wa kuanza kazi hiyo, kutoka miaka 19 hadi 18 kwa wavulana, na kutoka 21 hadi 19 kwa wasichana. Kabla ya hapo wamisionari wao ulimwenguni hawakufika 60,000. Mwisho wa mwaka 2013 walikuwa wamezidi 80,000. Ndiyo maana siku zile watoto wa watu walionekana kila mahali wakitembea wawili wawili.

Ndugu zangu, muuza chapati haihitaji saa wala kalenda. Anawajua watu kwa siku zao za kununua. Baada ya mwezi mmoja nililijua juma lote la vijana wale.

Jumatatu ilikuwa siku yao ya maandalizi. Walivaa nguo za kawaida, wakafua mashati katika beseni, wakaenda sokoni, wakanyolewa. Kisha waliingia duka la intaneti kuwaandikia wazazi wao. Wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa siku yao moja ya barua katika juma zima. Simu ya nyumbani walipiga mara mbili tu kwa mwaka: Krismasi, na Siku ya Mama mwezi wa tano. Sheria hiyo ililegezwa mwezi Februari 2019, wakaruhusiwa kuongea na familia zao kila juma. Lakini vijana ninaowasema mimi waliishi na ile ya zamani.

Jumanne hadi Jumamosi waliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Waliomba, wakasoma, na saa nne walikuwa njiani. Jua la saa nane liliwakuta Walukuba au Mpumudde, wameketi kwenye mkeka wa mtu wakimsikiliza. Mara nyingine niliwaona wamekunja mikono ya mashati wanamsaidia mama mmoja kupalilia, au wanabeba madumu ya maji. Jioni walipita kwangu wamechoka, kila mmoja chapati mbili, na saa nne na nusu za usiku taa yao ilikuwa imezimwa.

Jumapili hawakununua chochote, maana siku hiyo hawafanyi biashara. Tena Jumapili ya kwanza ya mwezi walifunga milo miwili, na thamani ya chakula kile ilitolewa kwa ajili ya maskini. Mimi mwenye biashara nilihesabu hasara ya chapati nne, lakini moyoni niliheshimu.

Walikuwa na masharti mengine. Hakuna sinema. Hakuna kutembea peke yako, mwenzako lazima umwone. Hakuna kuogelea. Fikirini: Wazungu wengine walitoka ng'ambo kuja Jinja kushuka kwa mashua katika maporomoko ya Nile, na kijana huyu aliishi karibu na mto ule siku zote bila kuruhusiwa kuogelea. Nilimwuliza kama hatamani. Akasema anatamani kila siku.

Nilidhani wanalipwa mshahara mkubwa. La. Wakati ule familia ya kijana wa Marekani ilichanga dola 400 kila mwezi ili mtoto wao afanye kazi hiyo. Vijana wa nchi zisizo na uwezo walichanga walichoweza na kusaidiwa kilichobaki. Wavulana hutumika miezi 24, wasichana miezi 18. Ni kazi ya kujitolea, na tarehe ya kumaliza inajulikana tangu siku ya kwanza.

Sitaki mdhani niliwatazama kama malaika. Mteja wangu mmoja aliniambia kwamba kanisa lile liliwahi kuwakataa watu weusi. Jioni moja nikawauliza waziwazi. Yule Mmarekani akashusha macho, akasema ni kweli: hadi mwezi Juni 1978 mwanamume mweusi hakuweza kupewa ukuhani katika kanisa lao, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, walizuiwa ibada muhimu za hekaluni. Akasema yeye alizaliwa baada ya hapo, lakini kuzaliwa baadaye hakufuti jambo. Mkenya akaniambia, "Ndugu, mimi nilijua hilo kabla ya kubatizwa. Niliuliza kama unavyouliza wewe. Nikaamua kuingia, lakini sikuacha kuuliza." Sikuridhika na kila neno. Ila niliona hawakukimbia swali, na mtu asiyekimbia swali unaweza kumwuzia chapati kesho yake.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Jumatatu moja ya mwezi Oktoba mwaka ule wa 2013 walitoka duka la intaneti kabla ya saa yao. Mmarekani alitembea nyuma, uso umekuwa mweupe kuliko shati. Mkenya akanong'ona, "Babu yake amekufa. Amesoma sasa hivi. Mazishi ni Alhamisi."

Nikauliza ataondoka lini. Akasema, "Haondoki. Amechagua kubaki."

Nikamkalisha kwenye benchi. Kwa mazoea ya kwetu, msiba ukifika unamimina chai, nami nikamimina. Akakitazama kikombe, akatabasamu, machozi yakaanza kumtoka. Nikakumbuka, nikakiondoa, nikamletea maziwa ya moto. Tukakaa hivyo, sisi watatu, bila maneno, na wateja wengine wakasubiri.

Kisha akaniuliza kitu, na Mkenya akatafsiri: "Anauliza, mama yako unamwandikia siku gani?"

Sikilizeni swali lile vizuri. Hakuniuliza kama ninamwandikia mama yangu. Aliniuliza siku gani. Kwake yeye kuandika halikuwa jambo la kuuliza. La kuuliza lilikuwa siku.

Nikajibu kwamba kwetu hakuna posta, kuna vita, barabara imefungwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi andika, uweke. Siku barabara ikifunguliwa itakuwa tayari."

Nilimkasirikia siku tatu nzima. Nilijisemea: huyu ana mama mwenye anwani, ana barabara isiyo na bunduki, ana tikiti ya kurudi. Ataniambia nini mimi? Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli. Lakini nyuma ya maneno hayo ya kweli nilificha neno lingine: nilikuwa naona aibu. Nilimwacha mama. Nilingoja nipate kitu cha kumwambia, kazi nzuri, nyumba, pesa ya kumtumia, ndipo niandike. Sikuwa na kitu, basi sikuandika.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 biashara ilipungua, nikahamia Mbale. Unapita Iganga, unashika barabara ya Tirinyi katikati ya mashamba ya mpunga, halafu mlima unatokea mbele yako. Ni Mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba, na mwamba wa Wanale unasimama juu ya mji kama ukuta. Pale nilipumua. Mpaka wa Kenya hauko mbali na Kiswahili kinasikika sokoni bila mtu kushtuka. Ni mji uliozoea dini nyingi: kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988, na nje kidogo ya mji, katika kilima cha Nabugoye, kuna Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi, Abayudaya, tangu siku za Semei Kakungulu mwaka 1919. Muuza chapati Mkongomani hakumshangaza mtu.

Wamisionari wale huhamishwa mara kwa mara, kila baada ya majuma sita hutazamwa nani abaki na nani aende. Katikati ya mwaka huo, nikiwa nakaanga si mbali na mnara wa saa, nikasikia sauti ikiniita. Alikuwa yule yule Mmarekani, sasa na mwenzake mwingine. Amekonda, ameungua na jua, amejifunza kula malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayopika kwa karanga. Kiingereza changu cha chapati kilitosha kumwuliza habari za mama yake. Akanijibu habari za Jumatatu iliyopita. Kisha akanyamaza, akiningoja nami niseme habari za mama yangu. Nikageuza chapati iliyokuwa haijaiva.

Mwezi Agosti mwaka huo ulikuwa msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, ambayo hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Tuliwaona vijana wakicheza barabarani, kengele zimefungwa mapajani, mwili umepakwa unga, ukoo mzima ukiwafuata. Siku ikifika kijana husimama wima mbele ya watu wote na hapaswi hata kupepesa jicho. Akimaliza, hakuna tena wa kumwita mtoto. Mmarekani alitazama kimya muda mrefu. Akaniambia kwamba kwao hakuna kisu. Kuna uwanja wa ndege, na mama anayebaki upande wa pili wa kioo.

Krismasi ilipofika alipiga simu yake. Kesho yake alikuja macho mekundu na furaha tele. Alisema mama yake alimwuliza amekula nini, tena na tena, kana kwamba mtu aliye mbali hana habari nyingine ila chakula. Nilicheka, maana mama yangu naye angeuliza hivyo hivyo.

Mwezi Januari 2015 niliamua kuvuka kwenda Kenya. Siku ya kuagana alinipa daftari jipya, la shule, la kawaida kabisa. Akasema neno moja la Kiswahili alilokuwa amejifunza: "Jumatatu."

Nikafika hapa Kakuma. Nikajiandikisha, nikapewa mahali, nikaezeka. Daftari nikaliweka katika kopo la mafuta lisiingie vumbi. Likakaa humo bila neno hata moja.

Ni mwaka 2016 tu ndipo jirani yangu, mama mmoja Msudani Kusini, aliponiambia habari za ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ninyi nyote mnaijua karatasi ile: unaandika habari za familia tu, huandiki siasa, haifungwi, na hubebwa hadi kwa mtu wako hata mahali pasipo na posta. Njia hiyo ilikuwapo hata nilipokuwa Uganda. Sikuiuliza. Nikaandika mistari sita: niko hai, niko Kenya, nakaanga chapati, nisamehe.

Jibu lilifika mwaka 2017, kwa mwandiko wa dada yangu. Mama alikufa juma la Pasaka, mwaka 2015. Dada aliandika kwamba hadi mwisho, kila alipopita mtu kutoka njia ya Uvira, mama alimwuliza kama amebeba karatasi.

Wazee wangu, nilihesabu. Kati ya swali lile la Jinja na Pasaka ile kulikuwa na Jumatatu zaidi ya 70. Pengine barua zote zingepotea. Pengine moja ingefika. Simlaumu mtu, wala vita siilaumu kwa hili. Vita ilinitenga na mama yangu. Kunyamaza nilinyamaza mwenyewe.

Sasa mtaniuliza: mmisionari na mkimbizi wanafanana wapi? Nitawajibu kwa haki. Hawafanani sana. Yule alichagua kuja, sisi tulikimbia. Alihesabu majuma 104 na kila Jumatatu ilipunguza moja. Sisi Jumatatu yetu haipunguzi kitu. Alipougua alikuwa na wa kumwita. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, kanisa lao liliwarudisha makwao wamisionari wa kigeni waliokuwa Afrika, wengi katika siku chache tu. Niliposikia niliwahurumia, maana kufunga mzigo haraka nakujua. Lakini wao walifunga mzigo kwenda nyumbani.

Tofauti hiyo ni kubwa na sitaki mtu aifiche. Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho kijana yule alikuwa nacho na mimi sikuwa nacho, na hakikutoka Marekani wala hakikununuliwa kwa dola: alikuwa na juma. Siku zake zilikuwa na majina. Kuna siku ya kufua, siku ya kuandika, siku ya kumsaidia jirani, siku ya kufunga, siku ya Mungu. Mimi nilikuwa na siku moja ndefu iliyoanza mwaka 2012.

Nanyi tazameni hapa kwetu. Tunasema "nikipata safari ya nchi ya tatu, ndipo nitasoma, ndipo nitaoa, ndipo nitaandika nyumbani." Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna watu wa kambi hii waliokuwa wamegawa vyombo vyao kwa majirani. Nilimwona baba mmoja akienda kuomba sufuria yake irudi. Mgao wa chakula nao umepunguzwa. Katika hali hiyo ni rahisi mtu kusema siku zote ni sawa. Nami nawaambia, mtu anayesema siku zote ni sawa ameanza kuzipoteza. Mwisho wa safari yetu hatuwezi kuuhesabu. Juma tunaweza.

Nawaomba mambo matatu, kisha nikae.

Kwanza, Kamati itenge Jumatatu alasiri iwe saa ya barua, katika darasa lolote lililo wazi. Vijana wa sekondari wawe waandishi wa wale wasiojua kuandika. Mama mzee aseme kwa Kifuliru, kwa Kinyarwanda, kwa Kidinka, kwa Kisomali, atafutwe kijana wa lugha hiyo. Barua yenye njia ipelekwe. Isiyo na njia iandikwe na iwekwe.

Pili, watumishi wa mashirika. Ninyi pia wengi wenu ni vijana, na ni wageni Turkana. Mna mkataba wenye tarehe na mna siku za likizo, na hatuwaonei wivu. Hatuombi mradi mkubwa wala semina. Tunaomba karatasi, kalamu, na mtu wa kutueleza kila mwezi njia za kutafuta ndugu, kwa sababu wapya wanafika na hawazijui, kama mimi nilivyokuwa sizijui. Tena mkipita saa hiyo, ketini. Mwandikieni mama yenu nanyi.

Tatu, vijana wetu. Msingoje muwe na habari njema. Mama hangoji habari njema. Mama anangoja karatasi. Mwambieni mmekula nini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi ni wageni wa miaka mingi, na wengi tunalia kwamba hatukupewa jembe. Ni kweli. Lakini kalamu ni jembe dogo, na shamba lake ni juma moja.

Lile daftari sasa limejaa, na la pili limefika nusu. Kila Jumatatu namwandikia dada yangu na watoto wake. Barua nyingine hufika kwa simu ya jirani yake anayemsomea, nyingine hubaki kwenye kopo. Kijana yule sijui aliko, na sikuwahi kumwandikia. Ukurasa wa kwanza nilimwandikia mama, mwaka 2017, baada ya jibu la dada. Nilimweleza habari za Jinja na Mbale, za mto na mlima, na za mtoto wa watu aliyeitwa Mzee.

Ndugu Mwenyekiti, Jumatatu ni kesho kutwa. Nitakuja na kalamu yangu.